Kabla ya kununua mtambo mpya, tafuta joto linakotorokea

Msimu wa baridi ukikaribia, swali tunaloulizwa kuliko yote katika kitengo chetu cha ushauri wa nishati ni hili: ninunue mtambo gani wa kupasha nyumba joto ili bili ishuke? Mara nyingi anayeuliza ameshika bili mkononi, imepanda kupita ya mwaka uliopita, na wauzaji wawili watatu wameshampigia simu, kila mmoja akiapa kuwa mtambo wake ndio utakaomwokolea fedha. Nami, kabla ya kutaja mtambo wowote, humuuliza: joto unalolilipia sasa linakwenda wapi?

Simzungushi. Wahenga walisema kuvuja kwa pakacha nafuu ya mchukuzi, lakini pakacha la nyumba lina kanuni yake: kadiri linavyovuja ndivyo mchukuzi anavyorudishwa kulijaza upya, usiku na mchana. Siku ya baridi mtambo wako hauna kazi nyingine ila kurudisha kiasi kile kile cha joto kilichopotea kupitia dari, kuta, madirisha, sakafu na nyufa. Ukibadilisha mtambo bila kugusa uvujaji, umebadilisha mchukuzi tu. Mzigo uko pale pale.

Hesabu yake mtu yeyote anaiweza. Chukua nyumba inayopoteza wati 200 kwa kila nyuzijoto moja ya tofauti kati ya ndani na nje. Ndani ni nyuzijoto 20 za Selsiasi, nje ni sifuri. Tofauti ni 20, kwa hiyo nyumba inapoteza wati 4,000, yaani kilowati 4. Kwa saa 24 hizo ni uniti 96, kwa kuwa uniti moja ni kilowati-saa moja. Sasa ziba nyufa na tandika nyenzo nzuri ya kuzuia joto juu ya dari, upotevu ushuke hadi wati 150 kwa kila nyuzijoto. Baridi ile ile, mtambo ule ule, matumizi ni uniti 72. Umeokoa uniti 24 kwa siku moja na bado hujamwita muuzaji.

Hesabu hiyo hiyo inaeleza kwa nini kushusha kidhibiti joto kidogo kunasaidia sana. Nje ikiwa nyuzijoto 5 na ndani 20, tofauti ni 15. Ukishusha ndani hadi 19 umeondoa sehemu moja kati ya kumi na tano, karibu asilimia 7 ya matumizi ya siku hiyo. Hapa lakini nina ombi zito. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kuwa katika msimu wa baridi ndani ya nyumba kusiwe chini ya nyuzijoto 18, na wazee, watoto wachanga na wagonjwa wanaweza kuhitaji zaidi ya hapo. Baridi ya ndani hupandisha shinikizo la damu na kuwaumiza wenye pumu. Tafadhali, mzee asikae amejikunyata chumbani amezima hita kwa kuiogopa bili. Zipo njia nyingine za kuokoa, na ndizo ninazotaka kuzieleza.

Dari ndiyo ninayoikagua kwanza, kwa sababu hewa yenye joto hupanda, na mara nyingi juu ya dari ndiko kazi huwa rahisi na ya gharama ndogo kuliko kwenye kuta. Panda uangalie. Wakati mwingine nyenzo za kuzuia joto zipo, ila fundi wa nyaya alizisukuma kando akazisahau, na pengo la meta moja linaacha chumba kizima kikiwa baridi. Kisha fuata nyufa. Siku ya upepo pitisha kijiti cha udi kinachofuka moshi pembezoni mwa milango, fremu za madirisha na matundu ya mabomba, ukikaa mbali na mapazia. Moshi ukiyumba, hapo panavuja. Mpira wa kuzibia mlango ni kitu kidogo, na katika nyumba ya zamani ndio huanza kurudisha gharama yake. Kuhusu madirisha, kioo kimoja hupoteza kati ya wati 5 na 6 kwa kila meta mraba kwa kila nyuzijoto moja ya tofauti. Dirisha la vioo viwili la kizamani hupoteza takriban nusu ya hapo, na la kisasa, lenye utando maalumu na gesi ya agoni katikati ya vioo, hupoteza kama wati 1.1. Kama huwezi kuyabadilisha, pazia zito linaloshushwa giza linapoingia hupunguza hasara, mradi lisiifunike redieta, ile paneli ya chuma inayopitisha maji ya moto ili kupasha chumba.

Nyumba iliyozibwa vizuri inahitaji kupumua. Mvuke wa kupikia, kuoga na kuanika nguo ndani usipotoka hugandia kwenye kuta za baridi na kuota kuvu. Fungua madirisha wazi kabisa kwa dakika tano hadi kumi, mara mbili au tatu kwa siku, kisha ufunge. Kuliacha dirisha limefunguka kidogo kutwa nzima kunapoza kuta huku hewa ikibadilika polepole.

Bei ya uniti moja ya joto

Bili ina namba mbili zinazozidishwa: uniti ulizotumia na bei ya uniti. Watu wengi huangalia jumla ya fedha tu, wakahisi wametumia vibaya kumbe ni bei iliyopanda, au kinyume chake. Linganisha uniti za mwezi huu na za mwezi kama huu mwaka jana. Bora zaidi, soma mita mara moja kwa wiki, siku ile ile, na uandike kwenye daftari pamoja na hali ya baridi ya wiki hiyo. Baada ya miezi miwili utaijua nyumba yako kuliko muuzaji yeyote.

Ijue pia mizani ya matumizi. Kupasha lita 100 za maji kwa nyuzijoto 40 hula karibu uniti 4.7. Kuchaji simu hula kiasi kidogo sana. Uniti hizo zingechaji simu zaidi ya mara 200. Sisemi uache chaja ukutani, ila nimeona familia zikigombana kuhusu taa na chaja huku bomba la maji ya moto likivuja bafuni. Katika nchi za baridi, joto la vyumba ndilo hubeba sehemu kubwa ya bili, kisha maji ya moto.

Unapolinganisha mitambo, swali ni hili: uniti moja ya joto iliyofika chumbani inanigharimu kiasi gani? Gawanya bei ya uniti ya nishati kwa ufanisi wa mtambo, yaani uniti za joto unazotoa kwa kila uniti ya nishati inayoingia. Kwa kuwa kila nishati huuzwa kwa kipimo chake, zigeuze zote ziwe uniti kwanza. Meta moja ya ujazo ya gesi asilia ina uniti 10 hadi 11, lita ya mafuta ya kupashia kama 10, kilo ya gesi ya mtungi karibu 13, kilo ya chembe za mbao zilizoshindiliwa karibu 5. Kilo ya kuni kavu ni kama 4, na mbichi hufika nusu ya hapo tu, kwa sababu moto unatumika kukausha maji badala ya kukupasha wewe.

Sasa niseme wazi jambo linalofichwa na matangazo. Hita zote za umeme za kuchomeka ukutani, iwe ya mafuta, ya feni au ya kauri, zina ufanisi ule ule: uniti moja ikiingia, uniti moja ya joto inatoka. Hakuna hita ndogo ya wati 500 itakayotoa joto la zaidi ya wati 500, hata tangazo liseme nini. Tofauti iko kwenye kasi, kelele na mahali joto linapokwenda. Ya feni hupasha haraka, ya mafuta hubaki na joto baada ya kuzimwa. Ya miale hukupasha wewe uliyekaa mbele yake kabla ya kupasha hewa, na kwa mtu mmoja mezani inaweza kuwa akiba ya kweli. Kwa nyumba nzima, nyingi ya hizi ni njia ghali.

Boila ya gesi ya kisasa, yaani mtambo unaopasha maji na kuyapeleka kwenye redieta, hupita ufanisi wa asilimia 90 kwa kuukamata mvuke uliomo ndani ya moshi na kuugeuza maji, joto lake lirudi ndani. Lakini hilo hutokea pale tu maji yanayorudi kutoka kwenye redieta yana nyuzijoto chini ya 55 hivi. Boila nyingi zimewekwa kupeleka maji ya 70 au 80, kwa hiyo mwenye nyumba amelipia teknolojia ambayo haifanyi kazi. Shusha maji ya redieta hadi 60, kisha 55, uone kama vyumba bado vinapata joto. Jaribio hili haligharimu kitu. Angalizo ni moja: kama una tangi la maji ya moto, lenyewe libaki 60, kwa sababu bakteria wa Legionella, wanaosababisha homa kali ya mapafu, huzaliana katika maji ya uvuguvugu.

Jaribio hilo la 55 lina faida ya pili. Kama siku ya baridi kali nyumba yako inabaki na joto redieta zikiwa na maji ya 55, basi huenda iko tayari kwa pampu ya joto bila kubadilisha redieta.

Pampu ya joto ni friji iliyogeuzwa. Friji huliondoa joto lililomo ndani ya kabati na kulimwaga nyuma yake. Pampu hulichota nje, kwenye hewa, ardhi au maji, na kulimwaga ndani ya nyumba. Umeme unasukuma joto badala ya kulitengeneza, ndiyo maana uniti moja ya umeme huleta uniti tatu au nne za joto. Wazo lenyewe si geni. William Thomson, aliyejulikana baadaye kama Lord Kelvin, alilieleza mwaka 1852. Wengi huniambia haifai kwenye baridi kali. Hewa ya chini ya sifuri bado ina joto la kuchotwa, na Shirika la Kimataifa la Nishati linaeleza kuwa Norway, nchi ya baridi kweli, karibu asilimia 60 ya majengo yana pampu hizi. Ni kweli kwamba ufanisi hushuka nje kunapozidi baridi, na hushuka pia unapoidai maji ya moto zaidi. Ndiyo sababu sakafu zinazopashwa kwa maji ya nyuzijoto 35 huelewana nayo vizuri sana.

Je, itakupunguzia bili? Gawanya bei ya uniti ya umeme kwa bei ya uniti ya gesi. Pampu yenye ufanisi wa 3 kwa mwaka mzima, ikipambana na boila ya asilimia 90, hushinda pale umeme unapokuwa na bei isiyozidi mara 3.3 ya gesi. Ukipata mara mbili na nusu, akiba ni ya uhakika. Ukipata mara nne, bili itapanda, na anayekuahidi kinyume akuonyeshe hesabu yake. Mwombe ufanisi wa mwaka mzima, maana ule wa maabara hupimwa kwenye hali nzuri.

Usisaini mkataba na fundi aliyetaja ukubwa wa mtambo bila kupima vyumba, dari na madirisha, wala kuuliza umetumia uniti ngapi mwaka jana. Mtambo mkubwa kupita kiasi huwaka na kuzima kila mara, huchakaa mapema na hula zaidi. Na ukinunua kwanza halafu ukaziba nyumba baadaye, hata uliokuwa sawa unageuka mkubwa.

Hatari inayokuja na bili kubwa

Bei zikipanda, watu huingiza jiko la mkaa chumbani, huacha jiko la gesi likiwaka ili lipashe joto, au huziba tundu la hewa karibu na boila. Naomba msifanye hivyo kamwe. Kaboni monoksidi, gesi ya sumu inayotokana na moto usiopata hewa ya kutosha, haionekani wala hainuki, na huua watu wakiwa usingizini. Kichwa kuuma, kizunguzungu na kichefuchefu vikiwapata watu kadhaa wa nyumba moja kwa pamoja, na kupungua wakitoka nje, tokeni wote mara moja, kisha mwite msaada mkiwa nje. Penye chochote kinachochoma kuni, mkaa, gesi au mafuta, weka king'ora cha gesi hiyo, na dohani isafishwe kila mwaka.

Mpangaji hawezi kubomoa ukuta, lakini anaweza kuziba mlango, kusogeza kochi lililobana redieta, na kutoa hewa kwenye redieta iliyo moto chini na baridi juu. Vyumba visivyotumika vipunguziwe joto bila kuzimwa kabisa, milango ikiwa imefungwa, la sivyo kuvu litaanzia huko. Na kama bili imeshakushinda, mpigie mtoa huduma kabla deni halijarundikana, uombe kulilipa kwa awamu, na uulize kama kuna ruzuku unayostahili. Uwe na daftari lako la mita mkononi, kwa sababu bili nyingi hukadiriwa bila mita kusomwa, na namba ulizoandika mwenyewe ndizo utakazotumia kuomba bili hiyo isahihishwe.