Ati Kanada wakati wa theluji watu hutetemeka hata ndani ya nyumba?

Juzi barazani hapa Lamu mzee mmoja aliapa kwamba ndugu zetu walioko Kanada wakati wa theluji hulala na majaketi na hawavui soksi miezi 4. Hapana jamani. Baridi iko nje, ndani hita inapiga na nyumba nyingi ziko nyuzi 20 hivi, mtu anavaa tisheti anakunywa chai zake, na kuta zimejazwa vitu vya kuzuia joto lisitoke, madirisha yana vioo viwili na hewa katikati. Ni kama hizi kuta zetu nene za mawe ya matumbawe, ila sisi twazuia joto lisiingie.

Taabu yenyewe sasa, ambayo huku hatuiwazii kabisa manake sisi hata chumvi mezani yalowa kwa unyevu, ni ukavu. Hewa baridi haibebi maji mengi, ikiwa nyuzi 0 mita moja ya ujazo haishiki hata gramu 5 za mvuke lakini kwa nyuzi 20 yaweza kushika kama 17, kwa hivyo ile hewa ya nje ikiingia ikapashwa moto maji ni yale yale kidogo, basi inaanza kunyonya popote inapopata, midomo yapasuka, pua yatoka damu, ukishika kitasa cha mlango wapigwa shoti. Binamu yangu kule kila simu aulizia mafuta ya nazi tu, sweta hajaomba hata siku moja.