Kupanga joto la nguruwe kwa homoni

Mfugaji akisema jike "ana joto", hazungumzii homa wala jua la Kaskazi. Ana maana jike yuko tayari kupandwa: uke umevimba na kuwa mwekundu, na ukimkandamiza mgongoni anasimama tuli, masikio wima. Hali hiyo hudumu siku 2 au 3, na asiposhika mimba hurudi baada ya siku 21 hivi. Kupanga joto ni kutumia homoni ili jike, au kundi zima, lifike hapo siku unayoitaka.

Kuna dawa ya kuzuia na dawa ya kuamsha. Ya kuzuia ni altrenogesti, inayoiga projesteroni, homoni ya mimba. Mtamba, yaani jike ambaye hajazaa bado, aliyekwisha kuanza kupata joto huilishwa kila siku kwa siku 14 hadi 18. Ikikatizwa, mayai yaliyozuiliwa hupevuka na mitamba wengi huja joto karibu pamoja. Dawa hii hupenya ngozi ya binadamu na huvuruga hedhi. Mama mjamzito asiiguse kabisa, na anayeishika avae glavu. Muuzaji angepaswa kusema hili kabla ya kutaja bei!

Ya kuamsha ni sindano moja yenye homoni ya farasi mwenye mimba, yuniti 400, na ya wanawake wajawazito, yuniti 200. Huchomwa siku ya kuachisha watoto kunyonya, au kwa mtamba aliyechelewa kubalehe.

Prostaglandini, homoni waliyoizoea wafugaji wa ng'ombe kupangia joto, haifai hapa, kwa sababu ovari ya nguruwe haiisikii mpaka siku ya 12 hivi ya mzunguko. Kwa nguruwe hutumiwa zaidi kuanzisha uzazi, mimba ya siku 114 inapokaribia kutimia.

Kwa kawaida jike huja joto siku 4 hadi 7 baada ya kuachisha, bila dawa yoyote. Akipitisha siku hizo, hasa Januari hadi Machi hapa Mombasa, mimi ningeanza na banda, si sindano. Chini ya mabati yaliyoshika moto, jike anayenyonyesha hula kidogo, hukonda, na joto lake huchelewa. Mpe kivuli, mmwagie maji, mlishe alfajiri na usiku, na kila siku umletee dume karibu naye. Harufu na mate yake huamsha sana. Bado kimya? Daktari wa mifugo ampime mimba kwanza, maana akichomwa prostaglandini akiwa na mimba, mimba hutoka.