Themostati si kifaa cha kupoza injini

Wiki iliyopita nilikuwa gereji moja maeneo ya Mafiati, hapa Mbeya. Saa moja asubuhi, kila mtu amevaa koti, pumzi zinatoka kama moshi. Fundi akamwambia mteja mwenye Corolla ya 110: "Kaka, hiyo themostati tuitoe tu. Ni kitu cha nchi za baridi." Mteja, amejikunyata, akaitikia. Maneno hayohayo nimeshayasikia Iringa na Makambako, na yananiuma, kwa sababu yanazeesha injini ambazo bado zilikuwa na miaka mingi ya kutembea.

Themostati ni vali ndogo kwenye njia ya maji kati ya injini na rejeta, kile kipoza maji cha mbele ya gari. Injini ikiwa ya baridi, vali imefunga na maji yanazunguka ndani ya injini peke yake. Yakifikia joto lililogongwa juu ya kifaa chenyewe, mara nyingi nyuzi 82 kwenye Toyota za zamani, nta iliyo ndani ya kikopo chake inayeyuka, inatanuka na kusukuma vali, maji yanapita kwenda kwenye rejeta. Yakipoa, springi inaifunga tena.

Shida imeanzia kwenye jina. Watu wakisikia "themo" wanajua habari ni ya joto, halafu kipande cha pili wanajimalizia: wengine wanasema ni cha kupoza, wengine cha kupasha. Jina limetoka kwenye Kigiriki: thermos ni chenye joto, statos ni kilichosimama. Andrew Ure, mkemia wa Uskoti, alilitumia mwaka 1830 kwa kifaa chake cha metali mbili zilizogandamana, ambazo zikipata joto hupinda kwa sababu moja hutanuka kuliko mwenzake. Kazi ya kifaa hicho ilikuwa kufanya joto lisimame pale ulipolitaka. Chupa ya chai tunayoiita themosi ina mzizi huohuo, na hakuna anayedhani themosi inachemsha chai. Pasi ya umeme nayo ina themostati: inajizima, inajiwasha, ili isiunguze shati wala isipoe. Kipimajoto ni kitu kingine kabisa, chenyewe kinasoma tu na hakiamui lolote. Mimi ningeiita themostati bawabu. Anafungua mlango na kuufunga, lakini upepo wa kupoza nyumba hautoki kwake.

Anayepoza ni rejeta, feni, pampu ya maji na kulanti, yaani maji maalumu ya kupozea injini. Kwa hiyo gari linapochemsha kwenye kilima cha Isyonje ukitoka Tukuyu, swali la kwanza ni kama rejeta imeziba, feni inazunguka, au mfuniko wa rejeta umelegea. Huo mfuniko nao unadharauliwa sana. Kwenye mwinuko wa Mbeya, mita 1,700 hivi, maji ya kawaida yanachemka kwenye nyuzi 94 tu, na ni mgandamizo unaoshikiliwa na mfuniko unaoyazuia yasichemke mapema ndani ya injini. Kweli, themostati ikigandia imefunga, gari litachemsha. Lakini mara nyingi kilichoigandisha ni kutu ya maji ya bomba au ya mtoni yaliyowekwa badala ya kulanti, na kutu hiyohiyo ndiyo inayoziba rejeta. Ukiitoa, maji yanapita ovyo, mshale wa joto kwenye dashibodi unashuka, unaamini umepona. Rejeta mbovu inabaki palepale, ikikusubiri kwenye mlima wa Kitonga. Na zipo injini zenye njia ya mkato ya maji ambayo themostati hutakiwa kuifunga injini ikipata moto. Hizo ukiitoa, sehemu ya maji moto inazunguka bila kuiona rejeta, na gari linaweza kuchemsha zaidi ya mwanzo.

Gari langu nililinunua likiwa halina themostati na sikujua. Mwezi wa saba, safari fupifupi za Uyole na kurudi, mshale haukuwahi kukaribia katikati. Mafuta yalikuwa yanakwisha haraka, maana injini iliyo baridi hupewa petroli nyingi, na petroli ya ziada huosha kwenye kuta za silinda ile oili ambayo ringi za pistoni zinaitegemea. Siku moja nikafungua mfuniko wa oili nikakuta uji mweupe chini yake. Fundi akasema gasketi ya silinda hedi imekufa, tufungue injini. Nilikuwa nimeshaanza kutafuta fedha. Mzee mmoja aliyewahi kuendesha malori akauliza swali moja tu: kulanti inapungua? Maana gasketi ikifa, kulanti huvujia kwenye oili na kupungua. Yangu haikuwa inapungua. Uji ule ulikuwa ni unyevu wa hewa uliojikusanya kwenye injini isiyopata moto wa kutosha kuukausha. Nikaweka themostati mpya yenye namba ileile ya kiwandani, kile kipini chake cha kutolea hewa kikiwa juu, nikabadilisha oili, nikaenda nalo Chunya na kurudi. Uji haukurudi tena.

Ukishuku yako, usiitupe kabla ya kuipima. Itumbukize kwenye sufuria ya maji jikoni, isiguse chini, uitazame yanavyopata moto. Inapaswa kuanza kufunguka kabla maji hayajachemka. Ila kwa sisi wa nyanda za juu, isipofunguka yote usiihukumu: nyingi hufunguka kabisa kwenye nyuzi 95 hivi, na sufuria ya Mbeya haifiki huko.

Kwa hiyo fundi wangu, nakuheshimu na gari langu nitaendelea kulileta kwako. Ukiikuta imegandia, niambie "themostati imekufa, kanunue nyingine", nami nitakwenda dukani saa hiyohiyo. Hilo la "tuitoe tu" ndilo ninaloomba tuliache.