Beringi, SDL na swali la kwenda nalo chuoni

Mezani kwangu kuna beringi iliyokufa, ile pete ya gololi inayowezesha shafti, yaani mhimili wa mashine, kuzunguka. Niliiomba kwenye kiwanda kimoja cha vifungashio kando ya Barabara ya Nyerere, na huwa naitia kwenye mkoba kila ninapokwenda kuonana na wenye viwanda. Ukiizungusha kwa kidole inakwaruza na kukwama. Ukiifungua, kwenye njia ya gololi unakuta vijishimo vidogo vilivyopangana kwa nafasi sawasawa, kimoja kwa kila gololi. Havikutokana na kazi ya mashine. Vilitokana na nyundo, siku ileile beringi ilipofungwa.

Ilikuwa hivi. Fundi aliipachika beringi mpya kwenye shafti, ikabana. Akachukua kipande cha bomba na nyundo, akawa anagonga pete ya nje mpaka ikaingia. Sasa, beringi hiyo inakaza shafti kwa pete ya ndani. Ukigonga ya nje, nguvu yote inapita kwenye gololi kabla ya kufika ndani, na gololi zinabonyeza chuma cha njia yake. Beringi inatoka hapo imeshajeruhiwa kabla mota haijawashwa. Baada ya wiki chache inaanza kunguruma, kisha inapata moto, kisha laini nzima inasimama. Kiwanda kikawa kinalaumu duka la Kariakoo kwamba linauza feki, na feki kweli zipo, ila hii haikuwa feki.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba kiwanda hicho kilikuwa kimeshapeleka mafundi wawili kwenye mafunzo. Walirudi na vyeti vizuri. Afisa rasilimali watu alikuwa amepiga simu chuoni akauliza, “Mna kozi gani mwezi huu?” Akaambiwa kuna matengenezo ya mitambo, akawaandikisha. Wakafundishwa mengi, na beringi ilipitiwa ubaoni kwa muda mfupi tu. Mkurugenzi aliniambia, “Kaka, hizi kozi za serikali hazina faida.” Sikubaliani naye. Kilichokosewa ni lile swali la kwenye simu.

Nilianza kama fundi mitambo, nikahamia ofisi ya mafunzo kiwandani, na kwa miaka kadhaa sasa nakaa katikati ya viwanda vya Dar es Salaam na vyuo vya ufundi, nikitafsiri lugha ya huku kwenda kule. Kwa hiyo nianze na fedha, maana ndiyo sehemu ambayo mameneja wengi hawaijui.

Kila mwezi, ukishalipa mishahara, mhasibu wako anapeleka TRA, mamlaka ya mapato, tozo ya ufundi stadi, hii ambayo wote tunaiita SDL. Haikatwi kwa mfanyakazi kama PAYE, ile kodi ya mshahara, inatoka mfukoni mwa mwajiri. Zamani ilimgusa mwenye wafanyakazi wanne na kuendelea. Tangu Julai 2021 ni kumi na kuendelea. Miaka ya nyuma kiwango kilikuwa asilimia 6, kikashushwa kwa awamu baada ya waajiri kulalamika sana, na Julai 2023 kikafika asilimia 3.5. Chukua kiwanda chenye malipo ya wafanyakazi ya shilingi milioni 60 kwa mwezi. Kwa kiwango hicho cha 2023 ni shilingi 2,100,000 kila mwezi, yaani 25,200,000 kwa mwaka. Waulize mameneja wa uzalishaji wangapi wanajua takwimu hiyo ya kiwanda chao. Mimi huwauliza, na wengi humgeukia mhasibu.

Fedha hizo zinakwenda wapi? Kwa miaka mingi theluthi moja ndiyo imekuwa ikienda VETA, mamlaka ya serikali ya mafunzo ya ufundi stadi, na theluthi mbili zimekuwa zikienda kwenye mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu. Waajiri wamelipigia kelele jambo hili muda mrefu, na mimi nipo upande wao: tozo yenye jina la ufundi ingefaa ifike kwenye karakana. Lakini hata theluthi hiyo moja ndiyo iliyowezesha vyuo kuwa na walimu, mashine za lathe na vyumba vya kuchomelea. Ni fedha yako imeshatoka, na ukikaa ofisini ukilalamika, haitarudi yenyewe.

VETA ilianzishwa kwa sheria ya 1994, na tangu mwanzo waajiri wamehesabiwa kuwa sehemu ya mfumo wake. Chuo kinaweza kuandaa kozi fupi kwa ombi la kiwanda. Hapa Dar chuo cha Chang'ombe kipo karibu kabisa na viwanda vya Temeke, na Kipawa kuna kituo cha TEHAMA kwa wale wenye mitambo inayoendeshwa kwa kompyuta. Pembeni ya VETA ipo programu ya taifa ya kukuza ujuzi iliyoanzishwa chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu. Hiyo imelipia uanagenzi, ambapo kijana anajifunza huku akiwa kiwandani. Mfano uliojulikana sana ni wa vijana waliofundishwa ushonaji wa nguo za kuuza nje kwenye kiwanda cha Tooku pale Mabibo. Mwongozo wa taifa wa uanagenzi ulitoka 2017, na ninashauri uusome kabla ya kupokea mwanagenzi hata mmoja, kwa sababu unaeleza wajibu wa kiwanda, wa chuo na wa kijana mwenyewe.

Neno moja la tahadhari kuhusu mifuko ya ruzuku. Mfuko wa Kuendeleza Ujuzi uliosimamiwa na Mamlaka ya Elimu Tanzania, chini ya mradi uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, ulilenga sekta sita: kilimo pamoja na usindikaji wake, utalii, usafirishaji, ujenzi, TEHAMA na nishati. Kiwanda cha kusindika juisi kilikuwa na mlango wa kuingilia, cha ndoo za plastiki hakikuwa nao. Nimeona watu wakitumia mwezi mzima kuandika andiko la mradi kabla ya kusoma ukurasa wa sekta.

Turudi kwenye lile swali. Kabla ya kupiga simu chuoni, kaa na kitabu cha zamu. Kila kiwanda kina daftari ambalo mkuu wa zamu anaandika mashine ilisimama saa ngapi na kwa nini. Kwenye kile kiwanda cha vifungashio tulilisoma la miezi mitatu, mimi, mkuu wa karakana na opereta mmoja wa kike mwenye kumbukumbu ya ajabu, anayejua kila mashine ilisimama lini na nani alikuwa zamu. Tukatoa kurasa zote zenye neno “beringi” tukazipanga mezani. Mota tatu zilikuwa zinarudi tena na tena. Tulipouliza nani alizifunga na kwa kifaa gani, jibu likawa moja: bomba na nyundo. Hita ya beringi, kifaa cha kuipasha moto kabla ya kuifunga, ilikuwepo, ndani ya kabati, ikiwa bado kwenye nailoni yake. Aliyeinunua alishaacha kazi, na hakuna aliyewahi kuonyeshwa namna ya kuitumia.

Barua yetu kwa chuo haikufika hata ukurasa mmoja. Tuliandika kwamba mafundi tisa wanatakiwa waweze kufanya mambo matatu: kutoa beringi bila kuharibu shafti, kufunga mpya kwa hita, na kutia grisi kwa kiasi. Tukataja aina za mota, ukubwa wa beringi, na zamu zao. Mwalimu aliyeisoma alinipigia siku iliyofuata, akaniambia kwa miaka yake yote ya kufundisha ni mara chache sana kiwanda kimemweleza kinachotakiwa kwa namna anayoweza kukipima.

Akaja mwenyewe kiwandani. Hilo nalisisitiza, kwa sababu viwanda vyetu vinaendesha zamu na huwezi kuwatoa mafundi wote asubuhi kwenda kukaa darasani. Mafunzo yalifanyika saa nane hadi saa kumi na mbili jioni, zamu zinapopishana, juu ya mota zilezile zinazowasumbua. Beringi ikipashwa moto hadi nyuzi 110 hivi za selsiasi inatanuka, inateleza kwenye shafti kwa mkono wenye glovu, bila hata kugongwa. Usipitishe 120, chuma kinaanza kupoteza ugumu wake. Nilikuwepo wakati fundi mzee kuliko wote alipoona ya kwanza ikiingia. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, “Miaka yote hii nimekuwa nazipiga.”

Mzee huyo ndiye aliyenifanya niandike leo. Ana miaka kumi na tisa kiwandani hapo. Ukimwambia mashine namba nne ina tatizo, ataweka bisibisi kwenye kifuniko, sikio kwenye mpini, na kukwambia kilichoharibika kabla hujafungua kitu. Cheti hana. Alipoingia meneja mpya na kutaka vyeti vya kila fundi, mzee alianza kuwekwa pembeni, na vijana aliowafundisha mwenyewe wakapandishwa juu yake. Alikuja kwangu akiwa ameshika kofia yake ya kazi mkononi. “Mwanangu, mimi nianze darasa la kwanza sasa hivi?”

Hapana, mzee wangu. Kwa watu kama yeye upo utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi. VETA inausimamia, na serikali imekuwa ikigharamia makundi makubwa ya mafundi kupitia ile programu ya taifa. Mtu haanzi upya. Anakusanya ushahidi wa kazi zake, anahojiwa, anapewa kazi ya vitendo mbele ya wapimaji. Akionekana ana mapengo, anafundishwa mapengo hayo tu, kisha anatunukiwa cheti cha ngazi inayolingana na umahiri wake. Mwajiri akichangia kwa barua ya kuthibitisha kazi alizofanya, na kwa kumpa ruhusa siku ya upimaji, amefanya jambo kubwa kwa gharama ndogo.

Najua hoja inayofuata, maana kila mwenye kiwanda huniambia: nikimpa cheti ataondoka, jirani atamchukua. Wapo wanaoondoka, kweli. Lakini kwenye viwanda ninavyovifahamu, fundi mara nyingi huondoka kwa sababu mshahara umebaki palepale miaka mitano na hakuna aliyemwambia ngazi inayofuata ni ipi. Ukimfundisha, mwambie siku hiyohiyo cheti hicho kina maana gani kwenye malipo yake. Ukishindwa kumwambia, usishangae. Na yule asiye na cheti naye huondoka, akikuachia mota zenye vijishimo.

Tumeanza na yule mzee mwezi uliopita. Kuandaa ushahidi kulichukua Jumamosi mbili: mimi naandika, yeye anasimulia, yule dada opereta anamkumbusha tarehe. Pengo lake ni kusoma michoro ya kiufundi, kwa hiyo kila siku baada ya zamu anabaki nusu saa na kijana mmoja mwanagenzi kutoka Chang'ombe. Kijana anamsomesha mchoro wa sanduku la gia, mzee anamshikisha bisibisi na kumwambia asikilize. Juzi nilipopita niliwakuta kwenye mashine namba nne, hita ya beringi ikiwa mezani, nailoni yake imeshatupwa, na mzee ameshika karatasi ya mchoro kichwa chini. Kijana aliigeuza taratibu, “Shikamoo mzee, hivi,” na wakaendelea.