Nasaba ya akina Courtenay: jina lilipofuata ardhi

Kwa Kiswahili mtu akitaja nasaba yake hupanda kwa "bin". Fulani bin fulani bin fulani, ngazi kwa ngazi hadi kwa babu mkuu, na anayesikiliza anaweza kuhesabu vizazi kwa vidole. Ukifungua nasaba ya makabaila wa Ufaransa wa karne ya 12 ukiwa na mazoea hayo utapotea mapema, kwa sababu jina la kule halikumtaja baba. Lilitaja mahali. Kaneno "de" katika jina kama Pierre de Courtenay maana yake ni "wa", na kinachofuata ni ngome aliyoimiliki mtu huyo au mkewe.

Kwa hiyo nasaba ya kikabaila ni habari ya vitu vitatu: damu, ardhi na jina. Vinaweza kwenda pamoja vizazi vitano, kisha binti mmoja akaolewa na vikaachana njia. Mfuatiliaji wa nasaba hana budi kuuliza upya katika kila kizazi: nani alimzaa nani, nani alirithi ngome, nani alibeba jina? Ukoo unaoonyesha jambo hili kwa uchungu kuliko nyingine zote ninazozijua ni huu wa Courtenay.

Courtenay ni mji mdogo katika mkoa wa Loiret, kusini-mashariki ya Paris. Mwanzoni mwa karne ya 11 mtu aitwaye Athon alijenga ngome pale. Mtawa mmoja wa Fleury, aliyeendeleza kitabu cha historia kilichoanzwa na mtawa Aimoin, anatuambia tu kwamba alikuwa mwana wa mlinzi wa ngome ya Château-Renard. Hapana babu shujaa, hapana mfalme wa kale. Ukoo uliokuja kutoa makaizari ulianza na mtu mwenye ukuta na watu wa kuulinda, na ninaona heri mtawa yule hakumpamba.

Huenda msomaji akajiuliza majina ya watoto wa watu wa zamani hizo yalihifadhiwaje. Mengi yalihifadhiwa na hofu ya kesi. Bwana alipowapa watawa shamba, katibu aliandika jina lake, la mkewe, na ya wanawe na ndugu zake walioridhia, kwa sababu mrithi ambaye hakutajwa angeweza kuja kesho kulidai shamba lile. Ongeza mihuri ya nta na madaftari ambamo watawa waliandika siku ya kumwombea kila marehemu aliyewafadhili, na unaanza kupata mti wa ukoo. Akina Courtenay walikuwa na watawa wao karibu: Miles de Courtenay, mjukuu wa Athon, alianzisha abasia (nyumba ya watawa) ya Fontaine-Jean mwaka 1124.

Ndugu yake Miles, Joscelin, alikwenda mashariki kwenye Vita vya Msalaba. Kilichomwinua huko kilikuwa upande wa mama. Mama yake na mama yake Baldwin du Bourg walikuwa ndugu, mabinti wa Montlhéry, na Baldwin alipopata ufalme wa Yerusalemu mwaka 1118 alimwachia binamu yake mji wa Edessa, ambao leo ni Şanlıurfa nchini Uturuki. Mwana wa Joscelin, naye Joscelin, aliupoteza mji huo kwa Imad al-Din Zengi mwaka 1144, akaishia gerezani Halab (Aleppo) nchini Syria, akafa humo mwaka 1159. Binti yake Agnès ndiye mama wa Baldwin IV, mfalme wa Yerusalemu aliyeugua ukoma.

Turudi kwenye ngome ya nyumbani, maana ndiko fundo lilikofungwa. Miles alimzaa Renaud, na urithi wa Renaud ukamfikia binti yake Élisabeth. Karibu mwaka 1150 Élisabeth aliolewa na Pierre, mwana mdogo kabisa wa Mfalme Louis VI. Taji lilikuwa kwa kaka yake, Louis VII, na mwana wa mwisho wa mfalme hakuwa na ardhi ya kujivunia. Mke alikuwa nayo. Pierre akaingia katika ngome ya mkewe akaitwa Pierre de Courtenay, na watoto wao wakachukua jina hilo pamoja na ngao yake ya dhahabu yenye duara tatu nyekundu.

Tazama kilichotokea hapo. Jina lilibaki lilelile, ngome ileile, lakini damu ya kiume ya Athon katika ngome ile ilikatika, na tangu siku hiyo akina Courtenay wa Ufaransa ni wajukuu wa wafalme kwa upande wa baba. Asomaye majina peke yake haoni kitu. Asomaye damu anaona nyumba mpya imeanza.

Pierre II, mtoto wao, alifuata njia ya baba yake: alipata ardhi ya Nevers kwa kumwoa Agnès, aliyeirithi. Mke wake wa pili, Yolande wa Flandria, alikuwa dada wa makaizari wawili wa Kilatini, yaani Wakristo wa magharibi, waliotawala Konstantinopoli (leo Istanbul) baada ya watu wa Vita vya Msalaba kuuteka mji huo mwaka 1204. Wote wawili walipokuwa wamefariki, Pierre akaitwa kwenye kiti. Papa Honorius III alimvika taji tarehe 9 Aprili 1217 katika kanisa la Mtakatifu Laurenti nje ya kuta za Roma. Lilichaguliwa kanisa la nje ili mtu asije akadhani kuwa kaizari wa mashariki amepewa haki yoyote juu ya Roma yenyewe. Pierre hakuuona mji wake. Alitekwa njiani na mtawala wa Epiro, upande wa magharibi wa Ugiriki, akafia kifungoni.

Mwanawe Baudouin II alitawala himaya iliyokuwa ikipungua kila mwaka, mpaka akauza madini ya risasi yaliyoezekea mapaa na kumweka mwanawe Philippe rehani kwa wafanyabiashara wa Venezia. Taji la Miiba, ambalo Wakristo waliamini ndilo alilovikwa Yesu, lilikuwa limewekwa rehani pia, na Mfalme Louis IX akalikomboa na kulifikisha Paris mwaka 1239. Ndilo taji lile lililookolewa kanisa kuu la Notre-Dame la Paris lilipowaka moto Aprili 2019. Konstantinopoli ikapotea mwaka 1261, na dai la ukaizari likamfikia mjukuu wa kike, Catherine, aliyeolewa na Charles de Valois mwaka 1301. Hapo tena haki ikaondoka na binti kwenda ukoo mwingine.

Lipo pia tawi la Uingereza, lenye jina lilelile na duara zilezile tatu. Lilipata cheo cha Earl wa Devon mwaka 1335, likapigwa na vita vya wenyewe kwa wenyewe na hasira za wafalme, na lingali lipo katika ngome ya Powderham karibu na Exeter. Hawa hawatoki kwa Pierre, wanadai asili ya damu ya zamani ya Athon. Ngao moja, damu mbili.

Waliobaki Ufaransa ndio wenye habari nzito. Matawi makubwa yaliisha, na madogo yakaendelea mashambani, mabwana wadogo wenye kuoa mabinti wa mabwana wadogo. Wakati huohuo sheria ilikuwa ikilipandisha thamani jambo ambalo wao walikuwa nalo bila faida. Mwaka 1576 Mfalme Henri III aliamuru kwamba wana wa damu ya kifalme, yaani wazao halali wa wafalme kwa mstari wa kiume, watangulie makabaila wote. Na mwaka 1589 akina Bourbon walipata ufalme kwa hoja hiyohiyo, kwa kuwa walitoka kwa mwana mdogo wa Louis IX, aliyezaliwa zaidi ya miaka 300 kabla ya hapo.

Akina Courtenay wakasema: nasi tunatoka kwa mwana wa Louis VI. Mwaka 1603 walimpelekea Henri IV, mfalme wa kwanza wa akina Bourbon, maombi ya kutambuliwa kuwa wa damu ya kifalme, na waliendelea kuomba kwa waliomfuata. Mwaka 1661 Jean du Bouchet aliwachapishia nasaba yao nzima, ngazi kwa ngazi, pamoja na hati. Ngazi zilishikana. Lililowaumiza ni jina na ngao: watu waliuliza mwana wa mfalme gani anayeacha ua la yungiyungi, alama ya wafalme wa Ufaransa, akachukua duara za mkewe. Swali hilo lilipima karne ya 12 kwa desturi za karne ya 17. Siku za Pierre yungiyungi lilikuwa bado halijawa alama ya ukoo mzima wa kifalme. Robert wa Dreux, ndugu yake tumbo moja, alianzisha tawi lenye ngao ya mirabaraba, na hakuna aliyetilia shaka damu yake. Kwa maoni yangu walikuwa na haki, na umaskini wao ndio uliowanyima.

Mwaka 1691 kijana wa ukoo huo, askari wa kikosi cha mfalme, aliuawa mji wa Mons ulipozingirwa. Louis XIV alikwenda mwenyewe kumpa baba mkono wa tanzia, heshima ambayo kwa miaka mingi hakuwa akimfanyia mtu, na watu wa baraza walielewa ina maana gani. Lakini hakuandika chochote cha kuwatambua.

Mwanamume wa mwisho, padri Roger de Courtenay, alifariki mwaka 1733. Akabaki Hélène, aliyekwisha kuolewa katika ukoo wa Bauffremont, ambaye katika hati zake alijiita binti wa damu ya kifalme ya Ufaransa. Mwaka 1737 mahakama kuu ya Paris iliamuru maneno hayo yafutwe.