Je, wajua? Boti ya jua iliyozunguka dunia ilisukumwa na nguvu za bodaboda mbili tatu

Swali la jinsi boti hiyo ilivyoweza kuzunguka dunia nililijibu vibaya mbele ya watu, kwenye kibanda cha fundi sola hapa Dodoma. Nilisema boti ya kwanza ya umeme wa jua kuzunguka dunia lazima ilibebeshwa paneli na betri za kutisha, na kwamba ingepata jua letu la Dodoma ingepaa kabisa. Fundi akanitazama kama mteja anayetaka kupigia pasi kwenye paneli ya wati 50. "Kaka, kwani hicho chombo kilikuwa kinakwenda mwendo gani?"

Sikuwa nimejiuliza.

Tuanze na jua letu, maana kosa hili tunalo wengi. Paneli inataka mwanga, joto haina shida nalo. Tena joto linaipunguzia nguvu. Paneli nyingi za silikoni hupoteza takriban asilimia 0.4 ya uwezo wake kwa kila nyuzi moja inayozidi 25. Ikilala juu ya bati saa saba mchana hadi ikafika nyuzi 60, imeshapoteza kama asilimia 14. Kwa hiyo lile jua linalotutoa jasho si lazima liijaze betri kuliko mchana mweupe wenye upepo wa baridi. Nimeishi na paneli miaka mingi bila kulijua hili, na bado linanichekesha.

Sasa boti yenyewe. Wakati wa safari ile iliitwa Tûranor PlanetSolar: urefu mita 31, matumbo mawili membamba yaliyounganishwa kwa sitaha pana, na juu yake paneli za mita za mraba 537. Iliondoka Monaco Septemba 27, 2010, ikarudi hapo hapo Mei 4, 2012. Siku 584, kilomita zaidi ya 60,000.

Paneli zote hizo, jua likiwa utosini, zilitoa kilowati 93 hivi. Lakini jua haliwi utosini siku nzima, na usiku halipo. Ukigawanya mavuno ya siku kwa saa 24, unabaki na kilowati kama 20 za kutembelea mfululizo, ambazo ni nguvu za injini za bodaboda mbili tatu. Na chombo kilikuwa na uzito wa tani karibu 90!

Kiliwezaje? Kwa kwenda polepole, kilomita 9 au 10 kwa saa.

Fikiria unapita Soko la Majengo Jumamosi. Ukitembea taratibu, kila sekunde unamgusa mtu mmoja, naye anasogea kidogo. Ongeza mwendo mara mbili. Kwanza, kila sekunde unakutana na watu wawili. Pili, kila mmoja inabidi umsukume kwa kasi mara mbili, la sivyo atakuwa bado yuko njiani unapofika. Wawili mara mbili: upinzani umekuwa mara nne. Halafu upinzani huo unapambana nao kwa hatua mara mbili kila sekunde, kwa hiyo nguvu unayotoa imefika mara nane. Maji ni soko lisilofungwa. Boti inayoridhika na kilowati 20 ikitaka kwenda kasi maradufu itadai 160, na paneli hazina hizo hata saa sita mchana. Safari itachukua nusu ya muda, sawa, lakini betri italipa mara nne kwa umbali ule ule.

Hesabu hii ni ya kukadiria. Mikondo na upepo huivuruga, na mwendo ukikaribia kiwango fulani kinachotegemea urefu wa chombo, boti huanza kupanda wimbi lake yenyewe na gharama inazidi hata hiyo mara nane. Ndiyo maana matumbo yale yalichongwa membamba kama mitumbwi.

Wengine wameamua kulikimbia soko lenyewe. Mwaka 2023 huko Uswidi, boti ndogo ya umeme, Candela C-8, ilikwenda maili 420 za baharini, karibu kilomita 778, ndani ya saa 24. Ina mabawa chini ya maji yanayoinua mwili wake wote juu ya uso wa maji, kwa hiyo umati unaosukumwa ni mdogo mno. Ila yenyewe ilikuwa ikirudi gatini kuchajiwa, huku PlanetSolar ikisubiri kuche.