Zima Wi-Fi usiku, acha intaneti ya waya iendelee

Nyumba nyingi zikitaka kuzima Wi-Fi usiku huchomoa ruta kwenye soketi. Watoto wataacha simu, kweli, lakini kinasa cha kamera za CCTV kilichounganishwa kwa waya nacho kinabaki bila mtandao, na mwenye nyumba aliye safarini akifungua programu ya kamera haoni kitu. Hakuna haja ya kufika huko. Redio inayorusha Wi-Fi ni sehemu moja tu ya ruta, na inazimika peke yake.

Kile kikasha kinafanya kazi kadhaa kwa pamoja. Kinapokea intaneti kutoka kwenye faiba au laini ya simu, kinakipa kila kifaa anwani yake, kinapitisha data kwenye matundu yaliyoandikwa LAN, na kinarusha Wi-Fi. Ili ilete intaneti, Wi-Fi inategemea baadhi ya kazi hizo, ila zenyewe haziitegemei hata kidogo.

Anza kwa kutafuta kitufe. Ruta nyingi za faiba za Huawei na ZTE zina kitufe ubavuni kilichoandikwa WLAN, yaani Wi-Fi. Kibonyeze mara moja, subiri sekunde chache, taa ya WLAN itazimika. Taa za POWER, PON na LAN zinatakiwa kubaki zinawaka. Ukiona LOS, taa ya kukosa mawimbi ya faiba, inamulika nyekundu, usilaumu kitufe: mara nyingi ule waya mwembamba wa faiba umekunjika au umelegea ulipokuwa unaigeuza ruta. Unyooshe taratibu, usiubane na ukuta.

Soma maandishi ya kitufe kabla ya kugusa. WPS si WLAN: ukiibonyeza WPS, unafungua mlango kwa takriban dakika 2 ili kifaa kipya kijiunge bila nenosiri. Kwenye baadhi ya ruta za TP-Link kitufe kimoja kina kazi mbili. Kikiandikwa WPS/Wi-Fi, kukishikilia kwa sekunde chache kunazima redio. Kikiandikwa WPS/RESET, kukishikilia hivyohivyo kunafuta mipangilio yote, pamoja na jina na nenosiri la PPPoE, yaani vile vya kuiunganisha ruta na mtoa huduma, ulivyowekewa naye. Hapo hata waya hautaleta intaneti mpaka vijazwe upya. Neno moja baada ya mkwaju (/) ndilo linalotofautisha mambo haya mawili.

Kama hakuna kitufe, ingia kwenye mipangilio ya ruta, na uingie kwa kompyuta iliyounganishwa kwa waya. Ukizima Wi-Fi kwa simu iliyo kwenye Wi-Fi hiyohiyo, umekata tawi ulilokalia: simu inatoka mtandaoni papo hapo na huwezi kurudi kuiwasha. Fungua kivinjari, andika anwani iliyo kwenye kibandiko chini ya ruta. Kwa ruta za faiba za Huawei aghalabu ni 192.168.100.1, na kwa TP-Link ni tplinkwifi.net. Nenda kwenye WLAN au Wireless, ondoa alama ya tiki kwenye “Enable WLAN” au “Enable Wireless Radio”, kisha hifadhi. Ruta ya masafa mawili ina redio mbili, 2.4 GHz na 5 GHz, zima zote. Kuficha jina la mtandao si kuzima, kwani mawimbi yanaendelea na simu zinazolijua jina hilo zinaingia kama kawaida.

Kama jina la mtandao bado linaonekana, angalia kama kuna kifaa cha kuongeza masafa chumba kingine. Hicho kinaweza kuendelea kurusha jina bila kuwa na intaneti. Na runinga iliyochomekwa kwa waya kwenye kifaa hicho itakatika, kwa sababu chenyewe kinapokea kutoka kwenye ruta kwa Wi-Fi. Vuta waya wa mtandao wa aina ya Cat5e kutoka kwenye runinga moja kwa moja hadi kwenye ruta. Unafika mita 100 bila shida. Kamera zisizo na waya nazo zitazimika, kwa hiyo zihesabu mapema.

Ruta nyingi zinaweza kupangiwa ratiba, na hapa makosa ni mengi. Ruta inasoma saa 24 kuanzia usiku wa manane, haijui saa zetu. Saa 4 usiku iandikwe 22:00, na saa 11 alfajiri iandikwe 05:00. Aliyeandika 04:00 atashangaa Wi-Fi ikikatika saa 10 alfajiri. Weka ukanda wa saa GMT+3. Angalia kama muda unaojaza ni wa kuzima au wa kuwasha, maana ruta hazifanani. Nyingine hazikubali ratiba inayovuka usiku wa manane: igawe, 22:00 hadi 24:00, halafu 00:00 hadi 05:00. Umeme ukikatika, ruta nyingi hupoteza saa na huipata tena intaneti ikirudi. Kabla ya hapo ratiba haifanyi kazi.

Kuna jambo linaloumiza mfuko. Wi-Fi ikizimika, simu zinahamia kwenye data za laini bila kuuliza. Picha zikianza kupandishwa na programu kusasishwa usiku kucha, bando limekwisha kabla ya asubuhi. Zima data kwenye simu za watoto, na uweke masasisho na hifadhi ya picha kwa Wi-Fi pekee.

Asubuhi bonyeza WLAN tena au rudisha tiki. Simu zitajiunga zenyewe, maana jina na nenosiri havijabadilika. Ikiwa 2.4 GHz imerudi na 5 GHz bado, subiri dakika moja au zaidi: kwenye baadhi ya chaneli za 5 GHz ruta inatakiwa kwanza kusikiliza kama kuna rada karibu kabla ya kuanza kurusha.